Maji ya Mchungaji: Namna ya Kuchagua Chombo na Kukivaa Kiunoni

Somo kwa kaya za wafugaji wa Wilaya za Ngara na Biharamulo



Vipeperushi vingi huzungumzia maji ya ng'ombe: ng'ombe mmoja mzima huhitaji lita 30 hadi 40 au zaidi kwa siku ya kiangazi, lambo lichimbwe wapi, birika lijengwe vipi. Somo hili linamzungumzia yule anayewafuata ng'ombe hao kutwa nzima. Mara nyingi huyo huondoka nyumbani na fimbo, panga na redio, lakini bila tone la maji. Saa nane mchana huinama na kunywa pale pale mifugo ilipokanyaga na kunya.

Baada ya kusoma somo hili, wewe na familia yako mtaweza:

- kukadiria maji anayohitaji mchungaji kwa siku;
- kutambua vyombo vinavyofaa na vile vinavyoua;
- kushona mfuko wa chupa na kuuvaa kwenye mkanda bila kuumia;
- kusafisha maji na chombo;
- kumsaidia mchungaji aliyezidiwa na kiu au aliyekunywa sumu.

Msomee pia asiyejua kusoma. Na kama mchungaji wenu ni kijana wa kuajiriwa, somo hili ni lake pia. Mwajiri anayempa ng'ombe awachunge ana wajibu wa kumpa na chombo cha maji.

1. Kwa nini mchungaji abebe maji yake

Katika wilaya zetu kiangazi kirefu huanza Juni na kuendelea hadi mvua za vuli zinapokaribia. Vijito vya juu hukauka, na mifugo husogezwa mabondeni. Ngara tuna mito Ruvubu na Kagera, Biharamulo tuna mabonde na malambo. Maji yapo, lakini yana mambo manne.

Kwanza, ni machafu. Lambo linalonyweshea ng'ombe 200 ndilo wanalokunya na kukojoa. Maji hayo hubeba vimelea vya kuhara, homa ya matumbo, amiba na minyoo. Macho hayaoni vimelea. Maji yanaweza kuonekana meupe na bado yakaugua mtu.

Pili, ukingo wa mto una wenyewe. Ruvubu na Kagera zina mamba na viboko. Mtu anayechuchumaa kuchota kwa viganja ameinamisha kichwa, macho yapo chini na mikono imejaa. Mwenye maji kiunoni hana sababu ya kufika hapo.

Tatu, kuna mipaka. Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kuingiza mifugo hifadhini ni kosa, na mifugo inaweza kukamatwa. Mchungaji mwenye kiu kali hushawishika kukata njia kuelekea maji yaliyo karibu, hata kama yapo upande usioruhusiwa.

Nne, kiu huharibu akili ya kazi. Mtu aliyepungukiwa na maji huumwa kichwa, huona uvivu, huketi kivulini na kusinzia. Wakati huo ng'ombe wameingia shamba la mahindi la jirani. Kesi nyingi za mfugaji na mkulima huanza na mchungaji aliyechoka.

2. Abebe kiasi gani

Mtu anayetembea juani akipanda na kushuka vilima anaweza kupoteza kwa jasho nusu lita hadi lita moja kwa saa wakati wa joto kali. Hawezi kubeba yote atakayopoteza. Kwa hiyo hesabu iwe hivi:

- Kabla ya kutoka zizini, anywe vikombe viwili vya maji, uji au chai. Maji yaliyo tumboni hayahitaji mkanda.
- Mtu mzima anayechunga kutwa: abebe angalau lita 2.
- Siku ya kuhama au ya safari ndefu kwenda mnadani: angalau lita 3, au apange mahali pa kujaza njiani.
- Mtoto wa miaka 10 hadi 14: lita 1 hadi lita 1 na nusu, na asichunge mbali peke yake.

Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, bila kuhesabu chombo. Mtoto asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 mwisho wake ni kilo 3, pamoja na chakula, koti la mvua na kila kitu.

Anywe kidogo kidogo, mafunda manne au matano kila nusu saa, asisubiri koo likauke. Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, amechelewa kunywa.

3. Chombo kipi kinafaa

Tupime vyombo tunavyovijua kimoja kimoja.

*Kibuyu.* Ni chombo cha wazee wetu, chepesi, na hutunza maji yakiwa ya baridi. Kasoro yake ni kwamba kikianguka juu ya jiwe kimekwisha, na ndani yake hakisuguliki vizuri. Kibuyu cha maziwa kisigeuzwe kuwa cha maji, kwani mabaki ya maziwa huoza na kuharibu maji. Ukipenda kibuyu, kiwe cha maji tu, na kikaushwe juani kila jioni.

*Chupa ya plastiki ya maji ya dukani, lita 1 au lita 1 na nusu.* Ni rahisi kupatikana, nyepesi, na unaona maji yaliyobaki. Ndiyo inayofaa pia kusafishia maji kwa jua, kama tutakavyoona. Hupasuka ikikaliwa au ikichomwa na mwiba. Ibadilishwe ikipata nyufa, mikwaruzo mingi ndani au rangi ya kijani.

*Kidumu cha mafuta ya kula, lita 3 au 5.* Ni kigumu na kina mkono wa kushikia. Kwa mtu mmoja ni kikubwa mno kwa mkanda. Kinafaa kubebwa mgongoni kwa kamba mbili au kwenye baiskeli, kiwe ghala la wachungaji wawili watatu. Osha mafuta kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe.

*Chupa ya chuma.* Hudumu miaka mingi na haipasuki. Ni nzito na bei yake iko juu. Isibebewe maziwa ya mgando wala juisi ya ndimu, bali maji tu. Ikipata kutu ndani, iache.

*Mfuko wa nailoni.* Usitumie. Hutoboka, na ng'ombe anayeula ukitupwa malishoni huweza kufa kwa tumbo kuziba.

Kwa kaya nyingi za Ngara na Biharamulo, chaguo jema ni chupa mbili za plastiki ngumu zenye kifuniko cha kuzungusha, kila moja lita 1, zikivaliwa pande mbili za kiuno. Moja ikipasuka, ya pili imebaki. Chombo kimoja cha lita 2 hakikupi bahati hiyo.

4. Chombo kinachoua

Sehemu hii isomwe mara mbili.

Chupa au dumu lililowahi kuwa na dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kunyunyizia pamba au mahindi, au dawa yoyote ya kuua wadudu, halitabebea maji ya kunywa kamwe. Haijalishi umelisuuza mara ngapi. Dawa hunywea ndani ya plastiki na kutoka kidogo kidogo. Mwenye kukuambia "nimeliosha kwa majivu, halina harufu" anakupa sumu kwa nia njema.

Chukua mfano wa jinsi ajali inavyotokea. Baba ameogesha ng'ombe jioni. Dawa imebaki kidogo kwenye dumu kubwa, akaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu na kuiweka pembeni ya zizi. Asubuhi anatoka mapema kwenda mnadani. Mtoto anaharakisha kufungua ng'ombe, anatafuta chupa yake haoni, anaona ile nyingine.

"Mama, hii ya zizini ina maji?"

"Chukua hiyo hiyo, mwanangu, ng'ombe wameshatoka."

Hapana aliyekusudia baya. Kosa lilifanyika jana jioni, dawa ilipohamishwa kutoka kwenye chombo chenye lebo kuingia kwenye chombo cha maji. Dawa nyingi za kuogeshea zikichanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa, na mtoto huweza kudhani ni maziwa kweli.

Kwa hiyo, sheria za nyumbani ziwe hizi:

1. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ndani ya sanduku au chumba chenye kufuli.
2. Dawa isiwekwe kwenye chupa ya maji, ya soda wala ya pombe, hata kwa usiku mmoja.
3. Chombo cha dawa kikiisha, kisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kunyunyizia yatumike juu ya mifugo. Kisha kitobolewe kwa panga au msumari ili mtu asikitumie tena. Muulize Afisa Mifugo mahali pa kukifukia, mbali na kisima, mto na makazi. Usikichome moto, kwani moshi wake ni sumu.
4. Chupa za maji za wachungaji ziwe na alama inayoonekana: kamba nyekundu shingoni, au jina la mwenyewe. Chupa isiyo na alama haibebwi.
5. Usinunue dumu kuukuu mnadani au gulioni kama hujui lilibeba nini.

5. Kwa nini kiunoni

Mchungaji anahitaji mikono miwili: mmoja wa fimbo, mwingine wa kushika ndama, kufungua mlango wa zizi au kusukuma matawi. Chupa ya mkononi husahaulika chini ya mti. Chupa ya begani kwa kamba moja huning'inia na kugonga mbavu kila hatua, na jioni bega linauma.

Mifupa ya nyonga ndiyo inayobeba mwili mzima. Uzito uliokaa juu yake, karibu na mwili, hauyumbi na hauchoshi haraka. Lakini kiuno nacho kina kikomo. Zaidi ya lita 2, mkanda huvuta, hukata ngozi na chupa hugonga mapaja. Kinachozidi hapo kiende mgongoni.

Mkanda usiwafae wote. Mama mjamzito asivae mkanda wenye uzito tumboni. Abebe kwa mfuko wa kamba mbili mgongoni. Msichana au mwanamke aliyevaa kitenge anaweza kufunga mkanda juu ya nguo, au kuvaa mfuko wa kamba pana inayopita kifuani kwa mshazari, na kamba ya pili kiunoni ya kuzuia mfuko usirukeruke.

6. Mkanda gani

Tumia mkanda wa pili, mbali na ule unaoshika suruali. Ukitundika kilo mbili kwenye mkanda wa suruali, utashinda ukiivuta juu. Mkanda wa maji uwe na upana wa vidole vitatu. Mwembamba hukata ngozi, mpana sana hukunjika. Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri inafaa. Mkanda wa turubai nene au wa kufungia mizigo nao unafaa, na hukauka upesi ukilowa.

Tahadhari kuhusu mikanda ya kijeshi. Katika magulio yetu ya mitumba huuzwa mikanda mipana yenye mifuko ya chupa na pingili za chuma, mingine yenye rangi ya mabaka ya jeshi. Ni imara kweli, na vijana huipenda. Lakini hapa nchini raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa wananchi siku 7 kusalimisha mavazi ya aina hiyo. Sisi tunaoishi jirani na mipaka ya Rwanda na Burundi tuna sababu zaidi ya kujihadhari, kwani mtu mwenye mkanda wa mabaka na panga, akionekana porini, hataulizwa kwanza kama anachunga. Iga ubunifu wake, acha rangi yake. Mkanda wa kahawia, mweusi au wa bluu unaoshonwa nyumbani hufanya kazi ile ile.

7. Kushona mfuko wa chupa

Mahitaji: mguu mmoja wa suruali kuukuu ya jinzi, kipande cha mpira wa ndani wa tairi (tyubu), sindano kubwa, uzi wa nailoni au wa katani, na kisu.

1. Simamisha chupa yako kando ya mguu wa suruali. Kata kipande kirefu kama chupa ilivyo hadi mabegani mwake, ongeza vidole vinne vya kushonea chini. Shingo ya chupa ibaki nje.
2. Geuza nguo ndani nje. Kama ni pana mno, shona upande mmoja upungue hadi chupa iingie kwa kubana kidogo. Mfuko mlegevu hurusha chupa.
3. Shona upande wa chini kwa mistari miwili. Acha tundu dogo katikati la kupitisha kidole kidogo, ili maji ya mvua yatoke.
4. Geuza tena. Mgongoni mwa mfuko shona vishikio viwili vya kupitishia mkanda, kimoja karibu na juu na kingine chini yake vidole vinne. Upana wa tundu la kishikio ulingane kabisa na mkanda. Kikiwa kipana, mfuko utateleza hadi tumboni.
5. Mkanda upite kishikio cha juu. Kishikio cha chini pitisha kamba laini ya kufunga pajani ikibidi kukimbia au kupanda baiskeli.
6. Kata mkanda mwembamba wa tyubu, shona ncha moja nyuma ya mfuko, toboa ncha ya pili na uivute juu ya kifuniko hadi mbele, kwenye kifungo. Mpira huo ndio unaozuia chupa isichomoke mchungaji anapoinama.
7. Funga kifuniko kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Kifuniko kilichopotea porini ni chupa iliyopotea.

Jinzi nene huzuia jua na kulinda chupa dhidi ya miiba. Asiye na sindano apeleke kwa fundi cherehani au fundi viatu wa gulioni. Kwa fundi ni kazi ndogo.

8. Kuvaa na kupanga

- Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae kitovuni. Ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili.
- Chupa zikae nyuma kidogo ya nyonga, moja kulia na moja kushoto. Zikiwa mbele hubana tumbo unapochuchumaa. Usiweke chupa katikati ya mgongo, kwani ukianguka chali utaangukia uti wa mgongo.
- Panga liwe ndani ya ala, mbele ya chupa ya kushoto, makali yasigusane na mfuko.
- Kunywa kwa zamu, mafunda machache kulia na mafunda machache kushoto, ili uzito ulingane hadi jioni.
- Chupa moja iwe ya akiba ya kurudi nyumbani: isishuke chini ya nusu kabla hujageuza mifugo.

Kabla ya siku ya kwanza, jaribu uani. Jaza chupa, zigeuze kichwa chini na uhesabu hadi mia. Isitoke hata tone. Vaa, ruka mara ishirini, chuchumaa, inama kama anayefunga ndama, kisha kimbia hadi mtini na kurudi. Kinachogonga, kinachovuja au kinachokwaruza kirekebishwe hapo hapo, kwa kuwa malishoni hakuna sindano.

9. Maji yenyewe

Chombo kizuri chenye maji machafu ni kazi bure. Chagua njia moja:

*Kuchemsha.* Acha yachemke kwa kutokota kabisa angalau dakika moja. Yafunikwe, yapoe usiku, asubuhi yajazwe kwenye chupa.

*Dawa ya maji.* Tumia vidonge au dawa ya maji vya dukani au zahanati. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda ulioandikwa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne.

*Jua.* Tumia chupa nyeupe ya plastiki isiyozidi lita 2, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi. Jaza maji maangavu, funga, laza juu ya bati au jiwe lenye jua kali kwa saa 6 mfululizo. Kukiwa na mawingu, acha siku mbili nzima. Maji ya tope hayasafishiki hivi. Kipimo ni hiki: ukishindwa kusoma maandishi ukiyatazama kupitia chupa iliyojaa, hayafai.

Mchungaji mwenye chupa nne anaweza kuzungusha: mbili ziko kiunoni leo, mbili ziko juani kwa ajili ya kesho.

Kila mtu na chupa yake. Kuchangia mdomo wa chupa ni kuchangia mate, na mate hubeba magonjwa. Biharamulo tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani kwetu, na tarehe 13 Machi 2025 ukatangazwa kwisha. Ugonjwa ule huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Umekwisha, lakini tabia njema isiishe nao. Mwenzako akiwa na kiu, mmiminie kiganjani au kwenye kifuniko chake. Huo si uchoyo.

Chupa ioshwe kila jioni kwa sabuni na maji safi. Mara moja kwa wiki tia kokoto ndogo safi, sabuni na maji ya uvuguvugu, tikisa kwa nguvu, suuza mara tatu na uianike mdomo chini. Mfuko wa jinzi nao ufuliwe. Kinyesi cha ng'ombe kilichorukia mfuko hufika mdomoni.

10. Mchungaji akizidiwa

*Dalili za kupungukiwa na maji:* mdomo mkavu, kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, mkojo mweusi au kukosa mkojo.

Mpeleke kivulini, mlegeze mkanda na vifungo, mpe maji kidogo kidogo. Kama anahara au anatapika, mpe maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Zikikosekana, changanya katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu. Chumvi isizidi. Pakiti mbili zikae mfukoni mwa kila mchungaji.

*Dalili za hatari:* anaongea ovyo, anayumba, mwili ni wa moto sana, anapoteza fahamu. Mlowanishe maji mwili mzima, hata ya lambo yanafaa kwa hili, mpepee, na mpelekeni kituo cha afya mara moja. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

*Aliyekunywa dawa ya mifugo:* anaweza kutoa mate na jasho jingi, kutapika, kuumwa tumbo, kutetemeka, au kulegea na kusinzia. Usimtapishe. Usimpe maziwa, maziwa hayaondoi sumu hii. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mlaze kwa ubavu, na mkimbizeni hospitali pamoja na chombo cha dawa chenye lebo. Mganga akisoma lebo atajua matibabu gani aanze nayo. Dakika zinazopotea kwa kutafuta majani ya kumpa ni dakika za uhai wake.

Mambo ya kukumbuka

1. Mkanda hutayarishwa usiku, kama ugoro na fimbo. Asubuhi ni kuvaa tu.
2. Lita 2 kwa mtu mzima, lita 1 hadi 1 na nusu kwa mtoto.
3. Chupa mbili ni bora kuliko moja.
4. Chombo cha dawa hakiwi chombo cha maji.
5. Rangi ya jeshi si ya raia.
6. Kila mtu na chupa yake, yenye alama yake.

Kazi ya familia

Jioni hii, kabla ya kula, fanyeni mambo matatu. Kusanyeni kila chupa na dumu lililopo nyumbani na zizini, mkae pamoja muulizane: hili lilibeba nini? Lisilojulikana litobolewe. Pili, kila mchungaji, pamoja na kijana wa kuajiriwa, apewe chupa zake na alama yake mbele ya wote. Tatu, ulizaneni maswali haya, aanze kujibu mdogo kuliko wote:

- Ukiona chupa isiyo na alama zizini ina maji, utafanya nini?
- Maji yako yamebaki nusu chupa na ni saa saba mchana. Utaendelea mbele au utageuza?
- Mwenzako ameanza kuongea ovyo juani. Utaanza na lipi?

Mtoto akijibu vizuri, msifuni. Akikosea, asikemewe, afundishwe tena, kwani kesho atakuwa peke yake na ng'ombe, na jibu lake ndilo litakalotumika.

Kwa maelezo zaidi kuhusu dawa za kuogeshea na namna ya kuteketeza vyombo vyake, muone Afisa Mifugo wa kata yako. Kuhusu dawa ya maji na chumvi za kuongeza maji mwilini, fika zahanati iliyo karibu nawe.